Baba mkwe amesuka injini, na ni mimi tu ninayejua alichosahau

Admin, jina langu lifiche na kata usiulize, maana Land Rover ya zamani kama yetu hapa Sumbawanga inajulikana kuliko diwani. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, nina watoto wawili. Naandika nikiwa jikoni, hivyo mnivumilie.

Tunaishi na baba mkwe. Enzi zake alikuwa dereva na fundi wa misheni, akastaafu na hiyo Land Rover, ikalala bandani tangu mama mkwe alipofariki. Mwaka jana baada ya mavuno akasema anaifumua injini na kuisuka upya yeye mwenyewe. Mume wangu ni mwalimu, anarudi jioni, kwa hiyo aliyeshinda bandani kushika spana na kuosha vyuma kwa mafuta ya taa ni mimi. Majirani walisema sana. Mtu na baba mkwe wake chini ya gari moja, wapi na wapi? Nikawaambia waje wao washike spana, hakuna aliyekuja. Na niseme ukweli, niliipenda kazi ile. Yule mzee amenifundisha mengi na hajawahi kunifokea.

Utaratibu wake ni mmoja. Kila kinachotoka kwenye injini kinalazwa kwenye ungo kwa mpangilio kilivyotoka, na kazi haijaisha mpaka ungo uwe mtupu. Siku tulipofunga pistoni kwenye shafti alikuwa ananisimulia safari zake za Mpanda, mikono inajiendea yenyewe. Alipoanza kufunika injini kwa chini, nikaona kwenye ungo vimebaki vile vibati vyembamba vinavyokunjwa juu ya nati ili zisilegee gari likitembea. Nikamwambia, "Baba, hivi bado." Akaviangalia, akasema, "Hivyo ni vya gari la Padri, Sesi. Mrudishie."

Sesi ni mama mkwe, marehemu. Na hilo gari la Padri liliuzwa kabla mimi sijaolewa.

Nikamwacha aendelee kufunika. Mtu unayempigia goti ukimsalimia, unaanzia wapi kumwambia kwamba amesahau? Jioni ile nikamweleza mume wangu. Akaniuliza, "Mama Deo, unataka kusema baba amechanganyikiwa?" Nikasema sijasema hivyo, nataka tu fundi mwingine aje aangalie. Mzee kusikia habari ya fundi akasusa, ugali ukarudi jikoni kama ulivyokwenda. Mume wangu akanikataza kuligusa tena jambo hilo.

Basi injini ikawaka, na hapo ndipo nilipoishiwa nguvu. Inanguruma vizuri, moshi hakuna. Majirani walewale wa maneno wakaja kupiga makofi. Mzee ameendesha hadi Mazwi na kurudi, na sasa nikifungua mdomo naonekana namwonea wivu kwa sifa anazopewa. Lakini kuzunguka mjini ni kitu kimoja. Jumamosi tunashuka Kasanga kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa wifi yangu, gari limejaa, watoto wote nyuma, wangu na wa shemeji yangu, na ule mteremko wa kuelekea ziwani wanaoujua wanaujua. Mzee mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba nati zile zikiachia, chuma kinatoboa injini na tairi zinaweza kukwama ghafla. Elimu hiyo ndiyo ninayosongea ugali kila siku.

Msiniambie nijifanye mgonjwa nibaki na wanangu. Nimeshaliwaza hilo, na nikajionea aibu. Watoto wa shemeji yangu nao si watoto?

Sasa sikieni la jana asubuhi. Mume wangu yuko kazini, mzee akaniita bandani. Nikamwamkia, akaitikia na kuniita mama Deo, akili imetulia kabisa. Akauliza polepole, "Mwanangu, vile vibati tulivifunga?"

Nikasema, "Hapana, baba."

Akakaa juu ya tairi. Sijawahi kumwona mzee yule ameogopa, na jana niliona. Akasema, "Mimi nasahau. Imeanza muda, hata kabla ya kazi hii. Usimwambie mwanangu. Wakijua watachukua funguo, kisha watachukua na shamba, nibaki wa kutolewa nje asubuhi na kurudishwa ndani jioni kama mahindi ya kuanika." Nikamwahidi kwamba sitasema, ila kesho yake tufungue tena sisi wawili, nitashika spana. Akakubali, akanishukuru.

Leo asubuhi nimeingia bandani na spana na ungo. Ananiuliza nafungua nini wakati gari ni zima. Nikamkumbusha ya jana, akacheka, akasema huenda nimeota. Hakuna hata neno moja analokumbuka. Ahadi tuliyowekeana imebaki kwangu peke yangu.

Nikisema, nitakuwa nimemsaliti mtu aliyeniamini kuliko mwanawe wa kumzaa, na huenda mume wangu asinisadiki vilevile, maana baba yake atakataa kwa moyo mweupe kabisa. Nikinyamaza, ni mimi nitakayewanyanyua wale watoto mmoja mmoja kuwaweka nyuma ya gari. Na jioni hii, mbele ya wote, mzee ametangaza kwamba mimi nitakaa naye mbele, kwa sababu mimi ndiye fundi mwenzake. Mume wangu alifurahi sana kusikia hivyo.

Ninaogopa, ndugu zangu. Mliowahi kuishi na mzee wa namna hii, nishaurini. Nifanye nini, na nianze kumwambia nani, kabla Jumamosi haijafika?