Gunia la Michembe Chini ya Kitanda

Nakumbuka mchana ule, mwanangu, nilipokaa juu ya jiwe katikati ya kilima cha Kiseke nikihema, binti yangu wa miaka minne amenitangulia, ananiita, "Mama, twende!" Sikuweza. Nami sikuwa nimefika hata miaka thelathini.

Nilikuwa mkata minofu ya sangara kiwandani, kule Nyakato. Asubuhi getini kuna chapati na soda, mchana chipsi mayai na soda nyingine. Nikanenepa. Na watu walivyonisifu! "Mji umekukubali," waliniambia nyumbani, nami nikazidi kutembea kwa madaha, kumbe presha inapanda. Daktari alinieleza wazi kwamba nisipopungua, kazi ya kusimama kutwa basi. Mume sikuwa naye, watoto walikula kwa mikono hii hii. Nikajaribu kushinda na njaa. Siku ya tatu nikarudi kwenye chipsi mbio, nikijiita mlafi.

Ndipo akaja shangazi yangu Minza kutoka Misungwi. Akifagia, akakuta chini ya kitanda gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, ambayo mama alinitumia tangu mavuno. Nililificha nisionekane mshamba.

"Michembe umeificha kama mali ya wizi?" aliniuliza.

"Nisamehe, shangazi. Mimi ni mlafi tu."

Kesho yake mchana akanifuata kazini, akachungulia sufuria za wauza chakula moja moja, kuanzia getini hadi barabarani.

"Hapa hata mimi ningekula chipsi," akasema. "Nimetafuta jani la mboga, sijaliona. Acha kugombana na mdomo wako, gombana na geti hili! Na chakula chako unacho, umekilaza chini ya kitanda."

Wee, niliona aibu! Asubuhi nikabeba michembe iliyopikwa na karanga, dagaa na mlenda. Wenzangu wakaangua kicheko: "Leo umetuletea kijiji!" Lakini ugeni wa chakula ni mpaka kionjwe. Mmoja akaonja, wa pili akavuta bakuli, na wiki ile ile mwingine akaja na kunde, mwingine na kisamvu. Umoja ni nguvu. Tukamwendea mama lishe wa pale getini, tukamwambia, "Tupikie hivi, tutanunua." Akasita, akapika sufuria moja kwa kujaribu. Iliisha kabla ya chipsi! Baada ya muda samaki sato wa kuchemsha, mboga na mapapai vilikuwa hapo kila siku.

Na mimi? Nilipungua, hata siku moja nikapanda kilima kile bila kukaa, binti yangu mgongoni! Nikapiga vigelegele pale pale kwenye mawe, majirani wakadhani kuna harusi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukinililia kwamba huna msimamo mbele ya chakula, sikucheki. Ila kabla hujajitukana, toka nje utazame umezungukwa na vyakula gani. Kizuri kikikosekana, kilete wewe, na uwashike wenzako mkono. Na usione haya kwa chakula cha kwenu. Mwacha mila ni mtumwa.

Mungu akupe pumzi ya kukipanda kilima chako hadi mwisho, na utakayembeba mgongoni akusikie ukiimba.