Kuku wa Madame Docteur

Katika hospitali yetu hapa Kisangani, neno "docteur" humtosha mwanaume yeyote aliyevaa koti jeupe, hata kama ni mwanafunzi aliyekuja juzi na bado anauliza maabara iko wapi. Kwa mwanamke mambo ni mengine. "Madame docteur" si daktari wa kike. Ni mke wa daktari, yule mama anayepewa kiti cha mbele kwenye matanga na kuulizwa habari za bwana yake. Jirani yetu wa utotoni alikuwa madame docteur, na sindano pekee aliyowahi kushika ilikuwa ya kushonea. Mimi nilisomea udaktari kwenye benchi moja na mwanaume niliyekuja kuolewa naye, na katika mtihani wa upasuaji nilimpita. Nalitaja hilo la mtihani makusudi. Yeye hucheka nikilitaja, nami namwacha acheke.

Baada ya masomo tuliajiriwa pamoja, yeye wodi ya watoto, mimi uzazi, tunayoiita maternité. Uchumba wetu wote ulikuwa wa koridoni. Mimi nikitoka zamu, yeye anaingia. Yeye akitoka, mimi nimeitwa tena. Kuna wakati tulikuwa tunaachiana ndizi za kuchoma kwenye droo ya meza ya wauguzi, na hayo ndiyo yalikuwa mapenzi. Kwa hiyo tulipopanga arusi, sikuwaza sana gauni wala kwaya. Nilitaka fungate. Nilitaka kuamka asubuhi na kumkuta mume wangu kitandani, si sauti yake kwenye simu ikiniuliza kama damu imepatikana. Wenzetu waliosoma nje hutuonyesha picha za mahoteli yao ya fungate. Sisi tulitaka Bengamisa tu, kwa shangazi yangu, penye mashamba na hewa. Mvua ikaharibu barabara, tukasema basi, tutavuka mto twende Lubunga, nyumbani kwa tonton, yaani mjomba wa mume wangu, karibu na reli. Kuvuka mto tu! Ukisimama ufukweni kwetu unaziona nyumba za huko.

Tulikwenda kwa mkurugenzi pamoja. Yeye ni daktari wa siku nyingi, mpole, anayemwita kila mtu mtoto wake, na upole huo ndio umetuponza wengi. Alitushika mikono wote wawili.

"Watoto yangu, hiyo ni baraka. Congé iko, mutapumzika. Nitaisema mbele ya watu."

Na kweli aliitangaza fungate yetu, katika mkutano wa asubuhi, wauguzi wote wakisikia: "Docteur na madame yake watakwenda lune de miel. Tuwaombee."

Watu wakapiga makofi. Mimi nilisikia kitu kimenichoma. Madame yake? Nilikuwa nimekaa pale na koti langu, nimetoka kuripoti wajawazito wangu wa usiku. Nikamwangalia mume wangu. Alikuwa anapeana mikono na watu. Tulipotoka nikamwambia. Akasema, "Acha, ni salamu tu." Mume wangu ni mtu wa funika kombe mwanaharamu apite. Nami nikalifunika kombe, kwa sababu nilikuwa na hamu ya kuolewa kuliko hamu ya kugombana.

Arusi ya Jumamosi ilipita vizuri. Nusu ya wageni walikuwa wauguzi walioondoka kabla ya keki ili kuwahi zamu, na shemeji mmoja alicheza hadi kiatu kikakatika. Jumapili tukavuka.

Nitasema ukweli, siku zile chache za Lubunga sijawahi kuzipata tena. Tulilala kama magogo. Tulikula lituma, ndizi alizotwanga mke wa tonton hadi zikalainika, na samaki wa mtoni, na hakuna aliyetuita. Mume wangu alinisuka nywele, vibaya sana, mistari imekwenda kombo, nikakataa kuzifumua. Tulikaa kizingitini mchana kutwa tukibishana kama watoto wetu wawe wawili au watano. Nilianza kuamini kwamba nina nyumba.

Kisha simu ikalia. Mke wa tonton alikuwa ndiyo kwanza anapakua.

"Docteur, weye uko wapi?" Alikuwa mkurugenzi. "Maternité iko bila mutu!"

"Papa directeur, niko mu congé. Ulisema weye mwenyewe, mbele ya watu wote."

"Nilisema docteur na madame yake. Docteur njo yeye nilimupa congé. Madame anafuata bwana yake, hiyo haiombiwi ruhusa. Lakini weye docteur femme, nilikupa congé siku gani?"

Nilimwomba arudie. Akarudia, taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa namna ya kumeza dawa. Hakuwa anatania. Kichwani mwake kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja ni mke, yuko Lubunga kwa baraka zake zote. Mwingine ni daktari, ametoroka kazini. Na wote wawili walikuwa mimi, nimeshika sahani ya lituma.

"Papa, mbona munanikata vipande viwili?"

"Bon, usikasirike. Muongee na bwana yako, mumoja wenu avuke. Si mulikuwa mwili moja tangu samedi?" Halafu, kama mtu aliyekumbuka kitu kidogo, akaongeza: "Kuko mama mumoja hapa, wamemuleta na moto. Mutoto amekwama."

Hilo ndilo alilolisema mwisho! Mama amefungwa kwenye pikipiki kutoka njia ya Banalia, mtoto amekwama tumboni, na sisi tumemaliza dakika nzima tukijadili kama mimi ni mke au ni mtu. Wanasema hasira hasara. Siku ile niliona kwamba kuna upole ambao hasara yake ni kubwa zaidi.

Mume wangu alikuwa amesikia. Akasimama, akavaa kandambili.

"Niende mimi?"

Alikuwa na nia njema, na nia yake njema ndiyo iliyonichoma zaidi. Yeye huwashika watoto baada ya kuzaliwa. Kumpasua mama si kazi yake, na anajua. Lakini pale aliposema vile niliona kwamba hata yeye ameanza kuliamini lile neno la mwili mmoja, kwamba yeyote kati yetu anaweza kupelekwa.

"Weye njo docteur mwenye congé," nikamwambia. "Kaa. Kula."

Nikatembea hadi ufukweni na nywele zangu za kombo. Mwenye mtumbwi alitaka kungoja abiria wajae; nilimpigia kelele mpaka akasukuma. Ng'ambo nikapanda toleka, na kijana wa baiskeli alinyonga bila kuniuliza kitu, nadhani uso wangu ulimjibu.

Nje ya chumba cha upasuaji alisimama mama mzee, mtandio kichwani, tasbihi mkononi, mama wa yule mgonjwa. Ni wa zile familia za Waislamu ambao babu zao walikuja zamani na biashara. Alinishika mkono.

"Madame, docteur iko wapi?"

"Njo mimi, mama."

"Ndiyo, mwanangu. Lakini docteur mwenyewe?"

Sikuwa na muda. Nilinawa, nikampasua binti yake. Umeme wa bwawa la Tshopo ulikatika nikiwa nimefika kwenye mfuko wa uzazi, kama unavyokatika siku zote, tukaendelea kwa mwanga wa dirisha mpaka jenereta ikawaka. Mtoto alikuwa amechoka, wa buluu, na muuguzi alikuwa akimsugua mgongo. Kisha akalia. Kilio kile huwa kinanitoa machozi, na sioni haya kusema hivyo. Mama naye alishonwa, damu ikasimama. Mikono iliyofanya hayo yote ilikuwa hii miwili, ninayoandikia.

Nilipotoka mkurugenzi alikuwa mlangoni anatabasamu. "Bravo, mwanangu. Sasa kwa kuwa umefika, endelea tu na garde." Hakukuwa na wa kunipokea zamu. Nikaendelea. Mume wangu alivuka kesho yake na begi langu, na fungate yangu ikaishia hapo. Ruhusa yake ilikuwa haijaisha. Aliimalizia nyumbani akirekebisha mlango wa choo. Nilipoomba siku zangu baadaye, mkurugenzi alishangaa kabisa: "Lakini muliisha kufanya lune de miel!"

Hayo ningeyasahau. Kazi yetu ina matusi mengi, mtu akiyabeba yote mgongo utavunjika. Lakini siku moja baadaye, jioni, tukiwa wote wawili nyumbani kwa bahati, mlango ukabishwa. Ni yule mama mzee wa mtandio, na nyuma yake binti yake, mzima, amembeba mtoto. Mkononi bibi alishika kuku jike mwekundu, amefungwa miguu.

Nikafurahi, wallahi. Nikakimbilia mtoto, nikamfunua uso. Mnono!

"Tumeleta ndoyi," alisema bibi.

Kwetu hapa ndoyi ni mwenye jina moja nawe, na si jambo la mchezo. Mtoto akipewa jina lako, amekuwa wako. Utamtafutia nguo, atakuja kukusalimu, na wazazi wake watakuheshimu kama ndugu. Daktari akiokoa mama na mtoto, mara nyingi watu humpa mtoto jina lake. Nilikuwa nimewaona wenzangu wanaume na vitoto vyao vya jina kila mtaa, na nilikuwa nangoja wangu kwa siri. Basi moyo ukaruka.

Bibi alimchukua mtoto kutoka mikononi mwangu, akampitisha mbele yangu, akamweka mapajani mwa mume wangu. Akataja jina. Lilikuwa la mume wangu.

"Docteur, huyu njo ndoyi yako. Tulimuuliza infirmière wa wodi: docteur aliyepasua mutoto yetu jina yake nani? Akasema: ile ni madame ya docteur fulani. Basi tukajua ni weye."

Mume wangu aliniangalia. Nami nikamwangalia. Nilitaka kuona. Kombe ameshalifunika mara nyingi. Nilitaka kujua kama hili nalo atalifunika, na nilikuwa nimeamua moyoni kwamba akilifunika, nyumba yetu itakuwa na ufa tangu siku hiyo.

Hakulifunika. Hilo namhesabia.

"Mama, hapana," alisema. "Mimi sikukuwa hata hapo. Nilikuwa Lubunga, nakula. Ni yeye alipasua binti yenu. Mimi kazi hiyo siiwezi. Hata ku masomo alinipita."

Bibi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha, akamgeukia binti yake, akapiga makofi.

"Unasikia? Unasikia namna anapenda muke yake? Docteur, Mungu akubariki! Wanaume wa sasa hawawezi kusifu muke hivi."

Binti akaitikia kwa kichwa, machozi yanamlenga. Mume wangu alifungua mdomo tena, akasema tena, kwa sauti kubwa zaidi, na kadiri alivyosema ndivyo alivyozidi kuwa mume mwema. Ukweli wangu, niliokuwa nimeungoja autamke, ulipotoka mdomoni mwake uligeuka kuwa sifa yake yeye. Nikamfunulia binti kitenge kidogo, nikamwonyesha mshono wake na kidole. "Huu nilishona mimi." Akasema, "Asante, madame," kwa adabu kabisa.

Wakati wa kuondoka bibi alimwokota kuku chini ya kiti, akaniwekea mikononi.

"Madame, huyu utamupikia docteur. Na pilipili kidogo."

Walipokwisha kwenda mume wangu alikaa na mikono magotini. "Nilisema," aliniambia. "Umenisikia nilisema." Nilimsikia. Nikamwambia nimemsikia. Nilienda uani nikamfungua kuku miguu, nikamwachia.

Kuku yule sikumpika. Mama mkwe alipokuja alimtazama kwa uchu, akauliza tunamngojea nani. Nikamjibu kwamba ni kuku wa daktari, atachinjwa siku daktari atakapoitwa jina lake wodini. Alidhani namsema mwanawe, akanisifu kwa kumtunzia. Ndoyi sasa anatembea, huja na bibi yake kumsalimu mume wangu, na humfukuza kuku yule uani akicheka. Hamkimbizi mbali. Kuku amezeeka, hatagi tena, na nyama yake sasa itakuwa ngumu.