Mpinzani Wangu Niliyemwacha kwenye Ngazi

Kazi yetu ya kuwatafutia watu wafanyakazi wa ndani ina wivu kuliko ndoa. Mteja wako humwonyeshi wakala mwingine, hata awe ndugu yako wa tumbo moja. Akiujua mlango tu, umekwisha. Kwa hiyo siku niliyomwendea mpinzani wangu, yule mwenye ofisi ng'ambo ya korido yetu pale Kariakoo, nilikuwa nimebanwa kweli kweli.

Mteja wangu mkubwa, mama mmoja wa Kihindi anayeishi ghorofani kule Kisutu, alitaka mpishi wa jiko lisiloingia nyama wala yai. Mama mkwe wake anaumwa, na msaidizi wa zamani ameondoka. Mimi nikaropoka, "Kesho asubuhi namleta." Namleta kutoka wapi? Nikikosa, familia ile yote inanihama, na ndugu zao wanaonipigia kila wakitaka mtu.

Mpinzani wangu alinisikiliza, akacheka. "Leo umenikumbuka, shoga?" Lakini dada wa kazi wa kufaa alikuwa naye, tukakubaliana tushirikiane: yeye atoe mtu, mimi nitoe mteja. Asubuhi tukaenda watatu. Nilimzungusha vichochoro makusudi asishike njia, kisha nikamwambia abaki chini, kwenye ngazi. Akaniangalia tu. "Haya, bosi."

Mimi na dada tukapanda juu. Dada alijibu vizuri habari za jikoni, mteja akaanza kutabasamu. Halafu akanigeukia. "Mama, kwao umefika? Wazazi wake unawajua?"

Mungu wangu! Swali hilo ndilo uwakala wenyewe. Sisi ndio wadhamini. Humpeleki mtu nyumbani kwa watu kabla hujafika kwao ukakaa na wazee wake. Na mimi yule dada nilimjua jana jioni. Nidanganye, na bibi mgonjwa ananitazama kutoka kitandani?

"Mimi sijafika," nikasema. "Aliyefika yuko chini."

"Chini wapi? Mwite!"

Nikamwita, huku nikijua namkabidhi mlango wangu. Akapanda, akamwamkia bibi, akaeleza yote: nyumba ya kina dada Magomeni, mama yake, hata mjomba aliyemlea. Anajua kuongea, mwanamke yule! Kila mteja alivyoitikia kwa kichwa, nilizidi kujiona nimekwisha. Na kweli, mteja akatoa simu. "Nipe namba yako, wewe unayemjua."

Nikatazama sakafu. Nilitamani kulia.

"Mpigie huyu," mpinzani wangu akasema, akinionyesha mimi. "Simu yangu mimi mbovu, haishiki mtandao."

Hapohapo simu ikalia ndani ya pochi yake. Ikalia kwa sauti, wimbo mzima, sote tumesimama. Hakuifungua ile pochi. Aliibana kwapani, akaendelea kumweleza mteja wangu kwamba yule dada hapendi kufokewa, aelekezwe taratibu.