Mapipa Kumi na Saba na Sahihi ya Zilpah

Saa moja na nusu asubuhi, Zilpah Mideva anafagia magome ya mikaratusi kwenye uwanja wa kiwanda cha nguzo za umeme, nje kidogo ya mji wa Kakamega. Anafagia huku jicho moja likiwa kwenye dirisha la ofisi. Mezani kwa meneja kuna fomu inayomsubiri tangu Jumatatu, na leo ni Alhamisi.

"Siku hizi wananiita dada," anasema bila kucheka. "Miaka sita nilikuwa 'wewe wa ufagio.' Sasa ni dada, kuja unywe chai. Chai ya namna hiyo mimi naiogopanga."

Zilpah ana umri wa miaka 38 na watoto wanne. Kwa kufagia analipwa shilingi 2,300 kwa mwezi. Lakini kwenye makaratasi yeye ndiye afisa wa usalama wa kiwanda. Ukuta wa ofisi una vyeti vitano vya mafunzo ya usalama kazini, na vyote vina jina lake.

Ilikuwaje? Kila mafunzo yakitangazwa, kiwanda hutakiwa kumpeleka mtu. Fundi wa mtambo akienda, mtambo unasimama. Dereva akienda, nguzo hazitoki. "Ufagio ukisimama siku mbili, nani ataona?" anauliza Zilpah. Basi akapelekwa yeye, mara ya kwanza, mara ya pili, hadi ikawa desturi. Yaelekea hakuna aliyedhani kwamba angesikiliza.

Alisikiliza. Februari mwaka huu wa 1998, kwenye semina ya siku mbili huko Sigalagala, mkufunzi aliwaonyesha picha ya pipa la bluu. Akaeleza kwamba dawa inayotiwa kwenye nguzo ili mchwa wasizile ni sumu, na kwamba haitoki ndani ya pipa hata ukilisugua kwa mchanga. Pipa tupu, alisema, hutobolewa ili mtu asije akalitumia kuwekea maji.

"Nilishika kichwa," anasema Zilpah. "Hayo mapipa sisi tunapewanga. Meneja anasema, 'Chukueni, mpelekee mama pipa ya maji.' Tukamwona mtu wa roho safi kabisa."

Sokoni pipa la aina hiyo ni shilingi 500, na kwa mshahara wa ufagio hiyo si zawadi ndogo. Kwa miaka miwili, mapipa kumi na saba yametoka kiwandani juu ya baisikeli za wafanyakazi, yakaenda kukinga mvua chini ya mabati yao.

Sasa mkaguzi anatarajiwa Jumanne. Fomu iliyo mezani inasema mapipa kumi na saba "yameondolewa kiwandani kwa njia salama" chini ya uangalizi wa afisa wa usalama. Inataka sahihi moja tu.

Mwandishi wa makala haya alimuuliza meneja, Philemon Wekesa, mapipa hayo yako wapi. Wekesa alitabasamu, akazipanga kalamu zake upya.

"Yaliondoka. Unaona pipa lolote hapa?"

Hakukuwa na pipa.

"Basi fomu ina uongo gani?"

Na yeye, nyumbani kwake, anakinga maji kwa pipa gani?

"Mimi niko na maji ya mfereji ndani ya nyumba," alisema, akatazama saa.

Kikulacho ki nguoni mwako, na Zilpah alijaribu kuwaambia wenzake hivyo, kwamba mapipa hayo wayaache. Wakamtazama kama mwizi wa kuku.

"Kwanza alichukua vyeti, halafu cheo, sasa anataka mapipa," anasema Erastus, fundi wa mtambo. "Akikusanya kumi na saba, huyo si amefungua duka? Mimi nimekunywa hiyo maji mwaka mzima. Nimekufa?" Akibanwa, anakiri kwamba tumbo "linanisumbuanga kidogo," ila analaumu maharagwe ya kantini.

Ndipo Jumapili iliyopita, watu walipotoka kanisani, Zilpah akawaita wenzake na majirani nyumbani kwake Shinyalu. Akachukua nyundo na msumari wa inchi sita, akalitoboa pipa lake matundu matano. Mvua za Aprili zilikuwa zimelijaza pomoni. Maji yakamwagika hadi kwenye viatu vya Jumapili vya watu.

"Sasa nani atanunua hii?" akawauliza.

Watatu walienda wakatoboa yao. Erastus aliondoka akisema bila shaka mama huyo ana jingine ndani.

Yamebaki kumi na matatu, na moja kati ya hayo linamuumiza Zilpah kuliko mengine yote. Liko kwa baba mkwe wake, Mzee Shivachi, na aliyempelekea ni Zilpah mwenyewe, mwaka juzi, kwa mikono miwili. Mzee hunywa maji yake kila siku. Tangu Krismasi viganja vyake vimeota madoa na sugu ngumu, na jembe hashiki tena. Huenda ni uzee. Zilpah haamini kwamba ni uzee.

Kwao, mkamwana hamkemei baba mkwe, wala zawadi ikishapokewa haifuatwi. Alimtuma shemeji yake, Onesmus, akaeleze habari ya sumu. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Amechoka na boma hili? Ameanza kurudisha vitu kwao?"

Jana Onesmus alirudi na ujumbe mwingine. Mzee amepata habari kwamba pipa la mkamwana wake linavuja, na amemhurumia. Lake limejaa. Aje achote, yeye na watoto, kila siku, asione haya.

Zilpah anasimulia haya akiwa ameegemea ufagio. Machozi yanamtoka, wala hayafuti. "Mzee ananipenda," anasema. "Hiyo ndiyo inaniua."

Fomu hataitia sahihi hadi pipa la mwisho litobolewe, hata akifukuzwa kazi, na Jumanne anakusudia kumweleza mkaguzi yako wapi, boma kwa boma. Lakini Jumamosi inatangulia.

"Nimemjibu kwamba nitakuja kuchota," anasema. "Nitamsalimia vizuri, nijaze kikombe mbele yake, nikiweke hapa mdomoni. Halafu nitamuuliza, 'Baba, ninywe?' Ameshaambiwa iko nini ndani. Akisema kunywa, nitakunywa. Akishindwa kusema hivyo, nitajua ameniamini."