Fundi na Pini Zake

Fundi cherehani jirani yangu huongea na pini mdomoni, na ulimi wake unachoma kuliko hizo pini. Wateja walipomkimbia, bintiye akaamua kumtangaza kwa video. Fundi akavaa tai, akatema pini, akaanza: “Wateja wetu wapendwa…” Akakauka kama kuni. Mara nikaingia na gauni langu lililofumuka. Pini zikarudi mdomoni. “Wewe mama, uzi wangu unausingizia nini? Gauni la mwaka juzi, mwili wa mwaka huu!” Binti hakuzima simu. Siku hizi foleni inafika mlangoni kwangu, watu wanataka kufokewa kabla ya kupimwa. Jana nilimfuma mbele ya kioo, pini mdomoni, akifanya mazoezi ya kufoka. Nikamwambia, “Jirani, basi vaa na ile tai.”