Fundi Asifunge Mlango

Iko siku moja ya Ujiji ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na leo uliponiambia umepata kazi ya kutunza kompyuta za watu, ndiyo iliyonijia kwanza. Vuta kigoda ukae. Chai ipo, na mimi nikianza kusimulia huwa sina haraka, unanijua.

Miaka ile mkoa wetu ulikuwa umejaa wakimbizi. Wengine walikuwa bado wanavuka ziwa kuja, wengine zamu yao ya kurudi kwao ilikuwa imefika, na bandarini Kigoma meli zilipakia watu na magodoro yao. Mimi nilikuwa kijana, fundi wa kompyuta katika kampuni moja ya Dar es Salaam. Kampuni yetu iliuza programu yake yenyewe ya kuendeshea maduka. Ukiinunua unaitumia, lakini ndani yake huchungulii. Ikiharibika unatuita sisi, hakuna mwingine wa kumwita, na bosi wetu alipenda sana iwe hivyo.

Mteja tuliyemtamani kuliko wote upande huu alikuwa Mama Zaituni, mwenye maduka makubwa Ujiji, Kigoma mjini na Kasulu. Wazee wake walivuka kutoka Kongo zamani sana, yeye akazaliwa na kukulia Ujiji. Sisi alitukataa. Kompyuta zake ziliwekewa programu huria na kijana mkimbizi kutoka Uvira, jina lake Bahati. Programu huria unaijua wewe: maandishi yake ya ndani yako wazi, kila mtu anaruhusiwa kuyasoma na kuyarekebisha. Bosi wetu aliisema vibaya kila alipopata nafasi. Aliiita programu yatima, eti haina baba.

Kisha zamu ya Bahati ya kurudi kwao ikafika. Mama Zaituni akaanza kuhangaika, na ungekuwa wewe ungehangaika pia. Maduka yote yale yanategemea kompyuta, na anayezijua anapanda meli. Bosi wetu aliposikia habari hiyo akageuka siku hiyo hiyo. Akaniita ofisini.

"Wewe kwenu ni Simbo, huko huko Kigoma, unawajua watu wa kwenu. Nenda kamwambie hiyo programu yake tutaitunza sisi. Ila usiwafundishe kitu. Tukiwafundisha, mwakani tutawauzia nini?"

Nikaenda. Nilimkuta Mama Zaituni amekaa kaunta mwenyewe, kitenge mabegani, anataniana na wateja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe si wa ile kampuni iliyosema programu yangu ni yatima?"

"Ndiyo mama."

"Na leo mmekuja kumlea?"

Wateja wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao, maana ningesema nini?

Hata hivyo alinipa nafasi. Kompyuta moja ya stoo ilikuwa inasumbua, akasema nianze na hiyo. Nikafanya kama tulivyozoea kwenye kampuni. Nikawaomba watu wanipishe, Bahati mwenyewe pamoja na Dada Sikuzani, mama mtu mzima aliyesimamia kaunta. Walipotoka nikafunga mlango kwa ndani. Sikuona ubaya wowote, kwani ndivyo sisi tulivyofundishwa kazi.

Mara mlango ukagongwa, nikafungua. Mama Zaituni akaingia, akakaa juu ya gunia la mchele. Hakupaza sauti.

"Binti, baba yangu alikuwa fundi wa boti hapa ufukweni. Unajua boti inavyokalafatiwa?"

Nilijua kidogo. Pamba inalowekwa mawese, inagongwagongwa kwenye nyufa za mbao ili maji yasipenye.

"Basi baba hakuwahi kukalafati boti ya mtu mwenyewe hayupo. Mwenye boti anakaa pale, ameshika bakuli la pamba, anamkabidhi fundi kipande kwa kipande. Akisema ana shughuli, baba anaweka nyundo chini mpaka arudi. Unajua kwa nini?"

"Ili asiibiwe?"

"Wapi! Ili ajue tundu liko wapi. Boti ikianza kuingiza maji katikati ya ziwa, baba yuko nyumbani anakula ugali. Atakayeziba ni huyo mwenye boti." Akanitazama. "Sasa wewe umenifungia mlango wa boti yangu mwenyewe. Bahati anaondoka Alhamisi. Siku simu zikikatika na wewe uko Dar, nani ataziba?"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Bahati alikuwa amesimama mlangoni, akanionea huruma.

"Dada, usisikie mubaya," alisema kwa Kiswahili chao cha Kongo. "Hii kazi haiko yangu, na haiko ya kampuni yenu. Iko ya watu wote. Mimi walinionyesha, na mimi nimeanza kuonyesha Sikuzani."

Mama Zaituni akatoa sharti lake. Tutaitunza programu, lakini kila tunaporekebisha kitu, Sikuzani awe amekaa hapo hapo, aone na aulize. Nikatoka uani kumpigia bosi. Alifoka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. Nikamwambia ni hivyo au tukose kabisa. Mwishowe akasema, "Mwaka mmoja. Wakituacha, utanieleza wewe."

Alhamisi tulimsindikiza Bahati bandarini. Dada Sikuzani alilia waziwazi, na mimi niliyemfahamu kwa siku chache tu nilishindwa kujizuia.

Mwaka ule nilikuja Ujiji mara nyingi. Sikuzani alinikalia ubavuni, na maswali yake yalinichosha. "Hapo umegusa nini? Rudia. Nimesema rudia, mbona una haraka kama unafukuzwa?" Nilirudia.

Ikafika mkesha wa Idi. Mvua kubwa, simu hazipatikani, na kompyuta za duka la Ujiji zikagoma foleni ikiwa imefika barabarani. Mimi nilikuwa Dar. Habari zilinifikia nusunusu kupitia dereva wa lori, na kila nikipiga simu, kimya. Niliogopa, mwanangu, sikufichi. Mawasiliano yaliporudi Sikuzani akanipigia kunitakia Idi njema.

"Na kompyuta?" nikauliza.

"Aa, hizo. Niliziba, tukaendelea kuuza."

Nilifurahi mpaka nikapiga vigelegele ofisini. Bosi hakufurahi. "Si nilikwambia? Sasa hawatuhitaji tena." Mkataba ulikuwa unaisha, kwa hiyo nikasafiri kwenda Ujiji na moyo mzito, nikijua naenda kuagwa, na kwamba nikirudi Dar kazi sina.

Mama Zaituni alitia sahihi hata sijamaliza salamu. Akaongeza na duka jipya la Kibondo. Nilishangaa, nikamuuliza kwa nini, wakati Sikuzani sasa anajiweza.

"Sikuzani anaziba tusizame," akasema. "Boti bado inataka fundi. Na fundi aliyetukalisha karibu, nimwache nimfuate nani? Wale wa kufunga milango ndio ninaowakimbia."

Basi nasaha yangu ni hiyo, mwanangu. Ukiitwa kutengeneza kitu cha mtu, mkaribishe mwenyewe akae karibu. Mwonyeshe ulipogusa, hata kama anauliza mpaka anakukera. Usimfanye akuhitaji kwa kumficha mambo. Atakuja siku moja kukwama, nawe utakuwa mbali, na hapo hata wema wako wote hautamfaa. Bosi wako akikuambia vingine, mwambie kwa adabu, lakini mwambie.

Haya, nenda. Mungu akupe mikono safi na usemi mzuri, na kila mlango utakaoingia kufanya kazi, watu wake wafurahi kukuona ukirudi.