Bi Kicheko na Mashabiki Wake

Jumba la Mizimu lilipobomolewa, watu waliozoea kupita nyuma ya ukuta wa uwanja wa burudani walianza kupunguza mwendo wakifika pale, kama mtu aliyetoka nyumbani akahisi amesahau kitu. Kelele zilikuwepo kama kawaida: muziki wa bembea za watoto, honi za vigari vya kugongana, muuza bisi akiita wateja. Ila katikati ya kelele hizo palikuwa na pengo. Muuza magazeti wa getini ndiye aliyelitambua wa kwanza.

"Yule mama hacheki tena," alisema.

Yule mama alikuwa Bi Kicheko. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa kwenye kitambulisho na halikutumika kwingine. Aliajiriwa uwanjani kama mfagiaji, akiwa bado msichana. Siku moja, ndani ya Jumba la Mizimu, ambamo abiria walipitishwa gizani kwa vigari vya reli ili watishwe, spika iliyotoa vicheko vya mizimu ilikufa wakati foleni imefika getini, na fundi akamwambia kwa mzaha, "Hebu ingia wewe mle ucheke, dada, mpaka nipate waya." Akaingia, akacheka. Abiria walitokea upande wa pili wameshikana kama mapacha, na wengine wakarudi moja kwa moja kwenye foleni. Waya ulipatikana, lakini spika haikuwashwa tena.

Walimjengea kichumba cha mbao kwenye kona ya reli, pale vigari vilipopunguza mwendo. Kilikuwa na kigoda, ndoo ya maji ya kuloweshea glavu, na tundu la kuchungulia lililofunikwa kwa wavu mweusi. Akikaa, magoti yaligusa ukuta. Akisimama, kichwa kiligusa dari. Asubuhi hakunywa maji mengi, kwa sababu ili yeye atoke ilibidi vigari visimamishwe, na foleni haina huruma na kibofu cha mtu. Kama nje kuna mvua au jua, alijua kwa harufu ya nguo za abiria.

Kila abiria alipewa kicheko chake. Kijana aliyemleta mchumba akajifanya shujaa alichekwa kwa sauti nene ya tumboni, mpaka ushujaa ukamwisha. Watoto walipata kicheko chembamba cha kutekenya. Wale waliojifanya hawaoni kitu, waliokunja mikono kama wako kwenye kikao, aliwawekea kile kilichoanza kama kilio, kikapanda taratibu, kikageuka kicheko pale pale walipodhani wamemsikia mtu anaumwa. Mguso wa glavu ya baridi shingoni ulifuata. Watu walizungumzia mguso huo harusini na kazini.

Siku moja kitasa cha kichumba kilikwama. Ilikuwa asubuhi, joto limeshaanza, na hewa ya humo ilikuwa nzito kwa mafuta ya reli. Alisukuma mlango, akaupiga teke, kisha akaanza kuwaita abiria. "Nitoeni humu," aliwaambia kila kigari kilipopita. "Jamani, nifungulieni, nakosa hewa." Walipiga mayowe ya furaha. Mwanamume mmoja alimjibu, "Utatoka ukishatubu dhambi zako, bibi," na kigari kizima kikavunjika mbavu. Walimfungulia jioni, wakati wa kufunga. Meneja alikuwa anamsubiri mlangoni, uso umemchangamka. "Ile ya leo ya 'nitoeni humu' imewamaliza watu," alimwambia. "Iendelee hiyo hiyo." Ikaendelea, miaka nenda miaka rudi.

Nyumbani alikuwa mtu wa kimya. Binti yake wa mwisho, ambaye sasa ni msusi mwenye kibanda chake na wateja wa kutosha, alikua akijua kwamba mama yake huchekea kazini. Mezani, hadithi ikinoga, watoto wakianguka chini kwa kucheka, yeye alibana midomo akatikisa kichwa. Walidhani anajitunzia sauti. Ukweli ni kwamba kicheko kilikuwa kimemtoka mikononi. Alikitumia siku nzima bila kufurahishwa na chochote, mpaka kikasahau njia ya kuja kwa sababu ya furaha. Kaka mkubwa wa Bi Kicheko alipofariki, alikaa chini msibani na wanawake wenzake, akafungua mdomo alie, na kilichotoka ni kile kicheko kinachoanza kama kilio. Wanawake waliokuwa kando yake walitazamana. Aliufunga mdomo. Tangu siku hiyo akawa analia bila sauti, na uso wake ukazoea kutosema lolote, la huzuni wala la raha.

Kwa hiyo taarifa ilipobandikwa kwamba Jumba la Mizimu litabomolewa, na mahali pake kitajengwa chombo kipya cha Kimbunga, wenzake walimpa pole. Yeye alikwenda nyuma ya choo cha wafanyakazi, akashika ukuta, akapumua.

Kimbunga kilikuwa kirefu kuliko jengo lolote la mtaa ule. Abiria walifungwa mikanda kifuani, wakapandishwa juu, wakageuzwa miguu juu kichwa chini, wakapitishwa ndani ya handaki la giza na kurudishwa. Meneja alitaka kicheko cha zamani kisikike mle handakini, ila kwa mashine. Alimpeleka Bi Kicheko kwenye chumba cha kurekodia chenye kuta za sponji, na yeye akacheka humo asubuhi nzima. Alitoa vyote: cha tumboni, cha watoto, kile cha kilio. Alicheka kama mtu anayeshusha mizigo garini, akihakikisha hakuna kilichobaki nyuma. Alipomaliza aliomba jambo moja tu, apelekwe kwenye kitalu cha maua cha uwanja. Akapelekwa.

Mtunza kitalu alikuwa mzee mwenye maneno machache. Alimwonyesha jinsi ya kuchanganya udongo na samadi, na jinsi ya kuhamisha mche bila kuumiza mizizi, kisha akamwacha na kazi yake. Huko nyuma ya uwanja jua lilimpiga mgongoni. Alikunywa maji kila alipotaka. Alikuwa anaweza kutembea kutoka mwisho wa tuta hadi mwisho mwingine, akageuka, akarudi, bila sababu. Siku moja mvua ilimkuta na hakukimbia. Mzee alimtazama kutoka chini ya bati akasema, "Utaumwa, mama." Akajibu, "Acha niumwe."

Wakati huohuo mashabiki walikuwa wamekijaribu Kimbunga, na hawakukipenda.

"Kinaisha hujapata hata kuogopa," walilalamika mtandaoni. "Nimelipia hofu, nimepewa kichefuchefu." "Zamani mtu alitoka na hadithi, sasa anatoka na shingo inayouma." Vijana waliwajibu kwamba wazee wanalilia vigari vilivyonuka mafuta na mbao zilizooza, na kwamba mwenye presha abaki kwenye bembea za watoto. Wakatukanana kwa siku kadhaa, kwa mapenzi yote. Lakini hata vijana walikubali jambo moja, kicheko hakikuwa sawa. Dereva mmoja wa basi, aliyekuwa akipanda Jumba la Mizimu kila wiki siku ya mapumziko yake, ndiye aliyelisema vizuri zaidi. "Zamani alikuwa ananicheka mimi," aliandika. "Hiki kinamcheka kila mtu. Ni kama chai iliyopashwa moto."

Binti msusi aliyasoma hayo akiwa kibandani, kitana mdomoni. Jioni ile mama yake alirudi amechoka, kucha zina udongo, akanawa, akakaa kimya kama siku zote. Na binti, aliyemtazama mama huyu maisha yake yote bila kujifunza kuusoma uso wake, aliona huzuni.

"Wamekutupa kwenye samadi, Mama," alisema.

"Si kunitupa. Kitaluni si pabaya, mwanangu."

"Usijikaze kwangu. Miaka yote ile, halafu unapewa toroli."

"Toroli ni la mzee. Mimi napanda."

"Unaona? Hata toroli hawakukupa."

Mama alitaka kumweleza. Alitafuta pa kuanzia. Ila binti alikuwa ameshainama kwenye simu, machozi yanamlenga, anaandika. Alitafuta picha ya mama yake amesimama mbele ya Jumba la Mizimu na glavu zake, akaweka na maneno: Mrudisheni mama yangu. Kufikia asubuhi picha ilikuwa imesambaa kila mahali. Haukupita muda fulana zenye picha hiyo zikachapishwa, na ombi la kumrudisha likaanza kukusanyiwa sahihi. Wateja wa kibandani walikaa kusukwa wakiimba, "Mrudisheni." Mashabiki walianza kuja mpaka kitaluni, wanachungulia juu ya ua, wanamwomba kwa unyenyekevu kabisa.

"Bi Kicheko, kidogo tu. Kimoja."

"Nina kazi, wanangu."

Wakafurahia hata hilo. Wakampiga picha ameshika mche, wakaandika kwamba macho yake yanasema yote.

Meneja alikuja mwenyewe, viatu vinang'aa, akasimama kwenye tope. "Umenishinda, mama," alisema. "Simu yangu hailali. Tunakujengea chumba ndani ya handaki la Kimbunga, pale kinapopunguza mwendo. Kuna feni. Kuna kiti cha kuegemea."

"Kina dirisha?"

"Dirisha la nini, mama? Si gizani."

"Mimi huku nimeridhika, bosi. Kweli kabisa."

Meneja aliangalia matuta, akajikuna shingo. Hakuwa mtu mbaya. "Huku patakuwa maegesho ya magari," alisema. "Mzee tunamstaafisha. Sikutaka ulisikie kwa mtu mwingine." Kisha akachangamka. "Lakini binti yako ameshatusaidia sana. Amewatangazia watu kwamba Jumamosi unarudi."

Jumamosi watu walijaa mpaka nje ya geti, wote wamevaa zile fulana. Dereva wa basi alikuwa mbele amemshika mkewe mkono. Binti alikuwa jukwaani pembeni ya mama, amemsuka vizuri tangu alfajiri, amempaka hata wanja. Meneja alisema maneno mawili matatu kuhusu sauti ya wananchi, akampa Bi Kicheko kipaza sauti.

Alikishika kwa mikono miwili. Alikuwa amekusudia kushukuru tu. Lakini mbele yake aliuona mlango wa handaki, mweusi, na maneno yakabadilika njiani.

"Mimi sitaki kuingia mle," alisema.

Uwanja mzima uliangua kicheko.

"Nasema kweli. Sitaki. Mle hakuna hewa. Naomba mniache niende zangu."

Watu walipiga makofi, wakakanyaga ardhi kwa miguu. "Mwenyewe huyo," mtu alipaza sauti. "Hata kazi haijaanza, yeye ameshaanza." Mwingine alimwitikia, "Utatoka ukishatubu, bibi." Dereva wa basi alikuwa anafuta machozi kwa kucheka, akimwambia mkewe, "Umesikia? Si nilikuambia? Umesikia sauti hiyo?" Bi Kicheko aliwatazama mmoja mmoja. Hakuona adui hata mmoja. Kila uso ulimpenda. Hakujua mtu anatoka vipi mikononi mwa watu kama hao, na kipaza sauti kikachukuliwa taratibu.

Binti naye alikuwa amecheka pamoja na wengine. Kisha aligeuka akaona mkono wa mama yake, jinsi ulivyobaki hewani umekunjwa kama bado umeshika kitu, na kicheko kikamkatika. Alimfuata mpaka kwenye mlango mdogo wa wafanyakazi, pembeni ya handaki, ambako fundi alikuwa anasubiri na ufunguo.

"Mama." Alimshika bega. "Ulikuwa unasema kweli?"

Bi Kicheko alimtazama. Aliiona ile fulana, na picha yake mwenyewe kifuani pa mtoto wake. Aliona vidole vilivyochubuka kwa kusuka, siku nyingine bila malipo, ili mteja akubali kutia sahihi. Aliona pia woga uliokuwa umeanza kupanda machoni mwake, woga wa mtu anayekaribia kujua amefanya nini. Jibu lilikuwa karibu sana. Kulitoa kungemfungua mmoja na kumfunga mwingine.

"Nilikuwa natania," alisema. "Hujui kazi yangu?"

Binti alicheka, akamkumbatia. "Umeniua roho, Mama. Haki ya Mungu umeniua roho."

"Nenda ukapange foleni. Nitakuwekea kizuri."

Fundi alifungua, akampisha, akaufunga mlango nyuma yake kwa sababu za usalama.

Kitalu sasa ni maegesho ya magari. Mtunza kitalu amehamia kwa mwanawe na huwa anatuma salamu. Bi Kicheko yumo ndani ya handaki la Kimbunga, upande wa kushoto baada ya mteremko wa kwanza, kila siku isipokuwa Jumatatu, na mkataba wake umeongezwa.